Somo: Kuanzisha kampuni ndogo ya programu ukiwa bado umeajiriwa

Somo hili ni la mwanachama wa kikundi chetu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi, asiye na nia ya kuacha kazi leo wala kesho, lakini anayetaka kuwa na kampuni yake ya programu. Mimi nimeajiriwa hapa Kisumu kusimamia mifumo ya kompyuta, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiwauzia wenye nyumba programu ya kufuatilia kodi za wapangaji. Wengi huniuliza kwanza kuhusu mtaji. Kwa kazi hii mtaji si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni kujua kipi ni chako na kipi ni cha mwajiri, kisha kuna simu inayolia saa nne asubuhi ukiwa mkutanoni mbele ya mkubwa wako.

Hatua ya kwanza: Soma mkataba wako wa ajira

Usiandike hata mstari mmoja wa msimbo, yaani maelekezo yanayounda programu, kabla ya kuusoma. Nchini Kenya programu ya kompyuta hulindwa kama kazi ya maandishi chini ya Sheria ya Hakimiliki, na kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinaeleza kwamba kazi iliyotengenezwa katika shughuli za ajira huhesabiwa kuwa mali ya mwajiri, isipokuwa kama pande hizo mbili zimekubaliana vinginevyo. Mikataba mingine huenda mbali zaidi na kudai kila kitu utakachobuni muda wote utakapokuwa umeajiriwa, hata kile ulichokiandika nyumbani usiku wa manane.

Mimi nilimwandikia mwajiri barua ya ukurasa mmoja, nikieleza kwamba ninatengeneza programu ya nyumba za kupangisha, kwamba haihusiani na biashara yake, na kwamba sitatumia saa zake, vifaa vyake wala wateja wake. Niliomba sahihi. Ilichukua wiki sita, nami nilisubiri bila kuandika chochote. Wenzangu waliniona mwoga, lakini barua hiyo ndiyo mali ya kwanza ya kampuni yangu.

Hatua ya pili: Chagua tatizo linaloweza kusubiri hadi jioni

Hapa ndipo nilipoumia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mfumo wa kuwaandikisha wagonjwa katika kituo kimoja cha afya. Mfumo wa namna hiyo ukikwama, hukwama saa mbili asubuhi foleni ikiwa imefika nje ya mlango, na mimi wakati huo niko kwa mwajiri. Nilijibu simu nikiwa chooni, nikajibu nikiwa kwenye ngazi, na hatimaye nikarudisha sehemu ya malipo na kuachana na kazi hiyo. Wenye kituo hawakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyeuza huduma ya mchana ilhali nina usiku tu wa kuuza.

Kodi za nyumba zina tabia tofauti. Mwenye nyumba wa Manyatta au Nyalenda anataka kujua nani amelipa na nani hajalipa, na kazi yote hujaa kati ya mwisho wa mwezi na tarehe tano. Hitilafu ikitokea saa nne asubuhi, akiipata taarifa yake saa moja jioni haimdhuru. Kabla ya kukubali kazi yoyote, jiulize: hili likiharibika asubuhi, nani ataumia kabla sijatoka kazini? Ikiwa jibu ni watu wengi, mwachie mwenye kampuni iliyo na wafanyakazi wa mchana.

Hatua ya tatu: Fedha za watu zisipite mikononi mwako

Usiweke kodi za wapangaji katika namba yako kwa nia ya kumkabidhi mwenye nyumba baadaye. Kila mwenye nyumba awe na namba yake ya Paybill, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya M-PESA, na kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-PESA, programu yako ipokee taarifa ya malipo tu. Daraja ina mazingira ya majaribio ambamo unaweza kukosea bila kumgharimu mtu.

Kitakachokutesa ni namba ya akaunti, ambayo mpangaji huiandika mwenyewe anapolipa ili kuonyesha nyumba anayoilipia. Mpangaji wa nyumba B4 ataandika “b 4”, mwingine “B-4”, na wapo wanaoandika jina la mtoto wao wa kwanza. Nilitumia Jumamosi tano kuifundisha programu kukisia kwa uangalifu na kumwonyesha mwenye nyumba malipo yale tu ambayo haikuyatambua. Ukweli ni kwamba wateja wangu hulipia kazi ya hizo Jumamosi tano kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya nne: Sajili unapopata mteja anayelipa

Usajili hufanyika kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Jina la biashara hugharimu chini ya shilingi 1,000, na kampuni ya binafsi yenye dhima yenye kikomo hugharimu zaidi kidogo ya shilingi 10,000. Sheria ya Kampuni ya 2015 inamruhusu mtu mmoja kuwa na kampuni peke yake. Ukiwa na jina la biashara tu, faida hujumlishwa na mshahara wako na kutozwa kodi kama mapato yako binafsi, na mali yako haijatengwa na madeni ya biashara. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida yake na husimama mbali nawe.

Hata hivyo, usikimbilie kampuni kwa ajili ya kuwa na cheti ukutani. Ikishapata PIN, yaani namba ya mlipakodi, inapaswa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yake, kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kila mwaka hata kama haikuuza kitu, na adhabu ya kuchelewa kwa kampuni huanzia shilingi 20,000. Upande wa pili, mteja aliye mfanyabiashara atakudai ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kuwa tangu Januari 2024 anahitaji ankara ya aina hiyo ili gharama yake itambuliwe anapokokotoa kodi.

Hatua ya tano: Andikiana na mteja

Kifungu kile kile cha 31 kinagusa pia kazi uliyoagizwa kuifanya: msipoandikiana vinginevyo, hakimiliki huhesabiwa kuwa ya aliyekuagiza. Kwa hiyo mkataba wangu unasema wazi kwamba mwenye nyumba analipia haki ya kutumia, taarifa zake ni zake, na programu inabaki yangu. Bila sentensi hiyo ningemuuzia mteja wa kwanza programu nzima, na nisingekuwa na cha kumuuzia wa pili.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi nafundisha shule ya umma Kakamega. Je, Katiba hainizuii?

Ibara ya 77 humzuia afisa wa dola, kama vile waziri au jaji, aliye katika kazi ya kudumu kufanya kazi nyingine ya kipato, na mwalimu ni afisa wa umma, si afisa wa dola. Lakini masharti ya mgongano wa maslahi yanakuhusu. Mjulishe mwajiri kwa maandishi, na usiiuzie shule yako programu.

Mwajiri ameniruhusu kwenda nyumbani na kompyuta yake. Naweza kuitumia?

Usiitumie. Sheria huangalia kama kazi imo ndani ya ajira yako, lakini kompyuta yake itakuwa ushahidi wa kwanza dhidi yako. Nunua iliyotumika.

Niko Njoro, na rafiki yangu amekubali kupokea simu za mchana. Nimpe hisa?

Mlipe kwanza kwa kila mteja anayemhudumia, kwa mwaka mmoja hivi. Hisa ni rahisi kutoa na ngumu kurudisha, na urafiki nao ni hivyo hivyo.

Je, ni lazima nijisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data?

Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 husamehewa usajili, isipokuwa ikiwa inafanya kazi katika nyanja zilizoorodheshwa, kama vile afya, elimu na usimamizi wa nyumba. Ndiyo maana mimi nilijisajili. Hata aliyesamehewa usajili bado anafungwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mteja wangu mmoja alitaka nihifadhi picha za vitambulisho vya wapangaji wake wote. Nilimwomba anieleze atazitumia kwa nini, akakosa jibu, na programu mpaka leo inahifadhi jina, simu na namba ya nyumba peke yake.