Kifaa cha marehemu mzee hukijui? Usikisugue kwanza

Jamani kama mzazi amekuachia kidude cha chuma na hujui kilikuwa cha kazi gani, usikimbilie msasa wala brashi ya waya, maana maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma ndo yanapoteaga hapo na hayarudi tena. Futa vumbi tu kwa kitambaa kikavu, paka chaki juu halafu pangusa taratibu, chaki inabaki ndani ya herufi unasoma vizuri. Ukiona PAT na namba, hiyo ni namba ya hataza (patent), yaani hati ya haki ya aliyekibuni, jaribu kuitafuta kwenye tovuti ya Google Patents, hataza nyingi za zamani zimewekwa humo na michoro yake, bure kabisa.

Kama hakuna maandishi angalia palipolika. Mpini umeng'aa upande gani, ncha imeisha wapi, maana mkono wa mwenyewe umeacha alama na hizo alama hazidanganyi. Mimi cha baba nilidhani ni plaizi mbovu, ukibana haikamati kitu, mdomoni kuna kichuma kidogo kinachosukuma mbele na kigurudumu chenye namba, kumbe ni ya kulaza meno ya msumeno, moja kushoto moja kulia, ili msumeno usikwame kwenye mbao, na zile namba unachagua kulingana na ukubwa wa meno. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu sana siku hiyo.

Ukipiga picha ya kuulizia weka rula pembeni, na piga pande zote hata chini. Mafundi wazee ndo waonyeshe kwanza, wengi wanakijua wakikishika tu.