SOMO: Kuendesha baiskeli ya milimani usiku kwa taa mbili

Wakuu, kama una taa moja ya usukani na unajiandaa kuingia porini usiku, soma kwanza. Mimi nilianza hivyo hivyo, nikaishia kichakani kwenye kona kali huku taa ikiwaka vizuri kabisa. Taa haikuwa na kosa. Ilimulika kule tairi lilikoelekea, na njia ilikuwa imeshakata kushoto.

Hatua ya 1: Funga mbili. Moja usukani, nyingine juu ya helmeti, kwa sababu kazi zao ni tofauti. Ya usukani iko chini ya macho yako, kwa hiyo kila jiwe na kila mzizi unatupa kivuli nyuma yake, nawe unakiona. Kivuli hicho ndicho kinachokuambia jiwe lina kimo gani na shimo lina kina gani. Ya helmeti imekaa karibu na macho. Vivuli vyake vinajificha nyuma ya kitu chenyewe, ardhi inaonekana bapa kama mkeka. Faida yake ni shingo: ukigeuka kuitazama kona, mwanga umeshatangulia.

Hatua ya 2: Chagua mwanga. Ya usukani iwe pana, lumeni 1000 hivi. Ya helmeti iwe na mwale mwembamba, 600 zinatosha. Ikiwa kali kuliko ya usukani itafuta vile vivuli tulivyovisema. Namba kubwa kwenye boksi isikupumbaze: lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka, hazisemi unaangukia wapi.

Hatua ya 3: Elekeza ukiwa umesimama kwenye pedali, mikono kwenye breki, kama unavyokaa mteremkoni. Ukipima ukiwa kitini, ukisimama tu taa ya kichwa inabadilisha shabaha. Kaza vizuri.

Hatua ya 4: Betri. Muda ulioandikwa mara nyingi ni wa mwanga hafifu, siyo wa juu kabisa. Jaribu nyumbani mpaka izime, ujue ukweli. Mlima panda kwa mwanga mdogo, unaenda polepole hata hivyo. Uhifadhi mkali kwa kushuka. Baridi hupunguza nguvu ya betri za lithiamu, hivyo ya akiba ikae mfuko wa ndani. Tochi ndogo pia, maana kubadili tyubu gizani kwa kupapasa ni adhabu.

Hatua ya 5: Anza na njia unayoijua mchana, na usiende peke yako. Kwa kilomita 18 kwa saa unapita mita 5 kila sekunde, na sekunde moja inaweza kuisha kabla hujagusa breki. Kama huwezi kusimama ndani ya eneo unaloliona, punguza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina hela ya taa moja tu. Niifunge wapi?
Jibu: Kwa vijia vyenye kona nyingi, kichwani. Utakosa vivuli, kwa hiyo nenda taratibu. Wapo watakaobisha, wabishe.

Swali: Yangu inafifia nikisimama kupumzika. Ni mbovu?
Jibu: Huenda ni nzima. Taa nyingi kali hupozwa na upepo wa mwendo. Ukisimama inapata joto na kujipunguza yenyewe. Ipunguze mwanga ukisimama. Ikififia hata ukiwa kwenye mwendo, angalia betri.

Swali: Kwenye ukungu naona ukuta mweupe.
Jibu: Zima ya helmeti. Matone yanarudisha mwanga moja kwa moja machoni. Vumbi la aliyekutangulia hufanya vilevile, mpe nafasi.

Swali: Tukikutana na watu njiani?
Jibu: Punguza mwanga na inamisha kichwa. Kumtazama mtu usoni huku umevaa taa ni kumpofusha, na macho huchukua dakika kadhaa kulizoea giza tena. Mimi husahau nikisalimia, nimeshakaripiwa.

Swali: Juzi niliona macho mawili yaking'aa mbele. Nilirudi nyumbani mkuu, sitanii.
Jibu: Wanyama wengi, paka na swala wakiwemo, wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Simama, sema kwa sauti, umpe muda wa kuondoka. Asipoondoka, ulichofanya wewe ndicho sahihi.