Kitunguu saumu Nairobi: anza na friji, jembe baadaye

Wengi wanaojaribu kitunguu saumu nyumbani Nairobi huvuna majani ya kupendeza na kichwa kimoja cha mviringo kisicho na punje hata moja. Lawama huiendea mbolea, na mbolea haina kosa. Mmea huu hugawanya kichwa chake kuwa punje baada ya kuonja baridi, na urefu wa siku nao huuhimiza. Hapa karibu na ikweta mchana ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, kwa hiyo kinachobaki mikononi mwako ni mbegu na baridi.

Aina kubwa ni mbili. Bonyeza shingo ya kichwa kikavu: ukigusa kijiti kigumu katikati, hiyo ni ya shina gumu. Punje zake ni kubwa, chache, zimekizunguka kijiti. Imezoea majira ya baridi kali ya nchi za mbali. Hapa itakuchosha bure. Ukikosa kijiti, ni ya shina laini: punje nyingi, safu juu ya safu, za ndani nyembamba. Chukua hiyo. Kile kikubwa mno chenye punje nne au tano za kujaza kiganja kiache, maana kwa ukoo ni liki (leek), si kitunguu saumu halisi.

Usipande vile vyeupe vilivyonyolewa mizizi hadi kitako kikawa laini. Mara nyingi vimetoka ng'ambo, na huenda vimetibiwa visichipue. Sokoni, iwe Marikiti au City Park, ulizia vya mashamba ya hapa nchini, vyenye mizizi mikavu na udongo kidogo. Kichwa kiwe kigumu kikibonyezwa, bila ukungu kitakoni.

Katikati ya Machi, tia vichwa vizima katika mfuko wa karatasi, uweke friji sehemu ya mboga kwa wiki sita hadi nane. Usiviweke kwenye friza, wala usitumie mfuko wa plastiki, maana unyevu utaleta ukungu. Panda mwanzoni mwa Mei, vikitoka tu. Hivyo mmea utakua katika baridi ya Juni hadi Agosti, na utavuna Septemba kabla mvua za vuli hazijaanza.

Jua liwe saa sita kwa siku, na hapo kuna mtego: miezi hiyo jua la Nairobi hupita upande wa kaskazini. Tuta lililo kusini mwa ukuta au ghorofa litakaa kivulini msimu wote.

Udongo mwekundu wa upande wa Kabete na Karen unafaa ukiongezwa mboji. Ule mweusi unaonata wa Embakasi hushika maji na kuozesha punje. Inua tuta sentimita 25 au panda kwenye ndoo zilizotobolewa. Kwa tuta la mita 1 kwa 2, changanya debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huchoma mizizi.

Tenganisha punje siku ya kupanda, bila kuzimenya. Za nje, nene, ndizo mbegu. Nyembamba zirudi jikoni. Zipande ncha juu, kitako chini, kina cha sentimita 4, sentimita 10 kati ya punje na 20 kati ya mistari. Tuta hilo litameza punje 100. Tandaza nyasi kavu, nyepesi tu wakati wa mvua.

Mizizi ni mifupi, kwa hiyo palilia kwa mkono. Wiki ya nne na ya nane nyunyiza CAN, mbolea ya dukani yenye nitrojeni, kijiko kimoja cha mezani kwa mita mraba, mbali kidogo na shina, kisha umwagilie. Baada ya hapo acha: ukizidisha utapata majani tu.

Majani yakiwa na michirizi ya rangi ya fedha ni thripsi, wadudu wadogo wanaofyonza majani, hasa kukiwa kukavu. Osha kwa maji yenye sabuni kidogo. Vumbi la rangi ya chungwa ni ugonjwa uitwao kutu. Ng'oa majani hayo na upunguze kumwagilia juu ya majani. La kuogopwa ni uozo mweupe: mmea hugeuka njano, na kitakoni kuna utando mweupe wenye chembe nyeusi mfano wa pilipili manga iliyosagwa. Chembe hizo hukaa ardhini miaka 20. Ng'oa mmea pamoja na udongo wake, usiutie kwenye mboji, na hapo usipande tena kitunguu cha aina yoyote. Sukuma wiki haina shida.

Majani ya chini yakikauka kama theluthi, katiza maji. Baada ya wiki mbili ng'oa kwa uma wa bustani. Kila jani bichi lililobaki ni ganda moja la kichwa, kwa hiyo usingoje yote yakauke. Ukingoja, kichwa kitapasuka kikiwa ardhini. Kausha kivulini penye upepo wiki tatu, na vile vya mviringo visivyogawanyika virudishe friji Machi ijayo, vipandwe upya.