Shona ala ya kisu kwa mkono: ngozi, uzi na nta ya Tabora

Wanaonikuta barazani na sindano zangu mbili wengi huuliza jambo lilelile: "Mwalimu, hivi vifaa unavipata wapi?" Mimi huanzia kwingine. Pesa yako ya kwanza peleka kwenye ngozi, ya pili kwenye uzi. Vifaa vingi unavyo tayari nyumbani, na vilivyobaki fundi viatu wa mtaani kwako atakuelekeza. Ngozi mbovu haiokolewi na kifaa chochote, hata kiwe kimetoka Ujerumani.

Nafundisha Hisabati shule ya msingi hapa Tabora mjini. Kushona ngozi ni kazi yangu ya jioni na ya Jumamosi, naifanya kwa mapenzi tu. Wanaokuja kujifunza kwangu huwa nawaanzishia ala ya kisu. Ni kitu kidogo, hakili ngozi nyingi, ila ukiimaliza umepita kila hatua: kukata, kugundisha, kutoboa, kushona, kulainisha kingo na kuumba ngozi kwa maji. Halafu huku kwetu ala ina mtumiaji. Mrina asali anayeingia msituni Sikonge, mchunga ng'ombe, mama anayekwenda shambani, wote wanatembea na kisu kilichoviringishwa kwenye kitambaa.

Ngozi

Ziko za aina mbili utakazokutana nazo. Ya kwanza imesindikwa kwa magome ya miti, kwa ile dawa iitwayo tanini inayoufanya ulimi ukauke ukitafuna gome. Kwa Tanzania gome linalojulikana sana kwa kazi hiyo ni la miwati, miti ya Njombe na Lushoto. Ngozi ya magome ni ngumu kidogo, rangi yake ya kahawia, na ukiilowesha unaweza kuiumba, ikikauka inabaki na umbo ulilolipa. Ya pili imesindikwa kwa chumvi za madini ya kromu. Hiyo ni laini, inakunjika vizuri, ni nzuri kwa mikoba, lakini ukiiumba kwa maji inarudi ilivyokuwa. Kwa ala tafuta ya magome.

Kuzitofautisha ni rahisi. Tazama ukingo uliokatwa: kahawia mpaka ndani ni ya magome, na ukiona kijivu au samawati katikati, hiyo ni ya kromu. Dondoshea tone la maji kwenye ngozi isiyopakwa rangi. Ya magome hulinywa na kuacha doa jeusijeusi, ya kromu hulikalisha juu kwa muda. Ukigeuza nyuma ukakuta kitambaa kimebandikwa, hapo huna ngozi, una reksini, ngozi ya bandia.

Kisha uliza kipande kimetoka sehemu gani ya mnyama. Mgongoni ndiko kuna ngozi iliyoshikana. Ya tumboni inavutika, na ala iliyokatwa tumboni italegea mdomo baada ya miezi michache. Mzee mmoja fundi viatu anayekaa karibu na stesheni alinipa kipimo ambacho nakitumia mpaka leo. "Mwalimu, ikunje uso ukiwa nje, uibane kwa vidole. Ikitoa vimistari vya kupasuka, mrudishie mwenyewe." Nimekataa ngozi nyingi zenye mng'aro kwa kipimo hicho.

Ng'ombe wa kanda yetu wana makovu: miba, fimbo, chapa ya moto, na mikato ya kisu cha mchunaji kwa upande wa nyama. Kovu la mwiba halina shida, mimi hulipenda. Lakini mahali palipochomwa chapa ngozi imekuwa ngumu na haishiki uzi sawasawa, kwa hiyo usipitishe hapo mstari wa kushonea. Mikato ya mchunaji utaiona ukiinua ngozi kwenye mwanga na kuipapasa nyuma. Hapo unene umepungua, kata kando yake.

Kwa kisu chenye makali ya sentimita 12 hivi, kipande cha sentimita 30 kwa 20 kinatosha, unene milimita 3. Usinunue ngozi nzima peke yako. Sisi hapa Isevya huchanga watu watatu au wanne, tunaagiza nusu ngozi kutoka Mwanza, tunagawana, na anayepata mgongo safari hii safari ijayo huchukua shingo. Na usihangaike na ngozi mbichi ya machinjioni iliyokaushwa juani. Hiyo ni ya kuwambia ngoma. Ikilowa inalegea, ikikaa na unyevu inaoza.

Vifaa

Fungua mkebe wa mtoto wa shule. Bikari yenye ncha mbili za chuma ndiyo itakayokuchorea mstari wa kushonea na kukupimia nafasi za matundu. Wengine hupiga alama kwa meno ya uma wa mezani, lakini uma mwingi una nafasi pana mno, mshono unatoka kama wa gunia. Bikari unaifungua milimita 4 juu ya rula, unaitembeza juu ya mstari, kazi imekwisha.

Ongeza rula ya chuma, kisu cha bledi, nyundo, msasa namba 220 na 400, solusheni (gundi) ya fundi viatu, sindano mbili nene zenye ncha butu, na msharasi, yaani kile chuma chenye ncha na mpini cha kutobolea ngozi. Msharasi wangu ulitengenezwa na yule mzee kwa spoku ya baiskeli: aliupiga bapa, akaunoa pande zote, akautia mpini wa mninga. Ubapa huo una maana. Msharasi wa duara huacha tundu la duara linalobaki wazi, lakini bapa hupasua mpasuko mwembamba ambao ngozi huufunga yenyewe juu ya uzi.

Kibanio kitengeneze kwa mbao mbili za urefu wa mkono, zifungwe pamoja kwa chini, ubane kwa magoti. Bila kibanio mkono mmoja utakuwa unashika kazi, na mshono huu unataka mikono yote miwili.

Nta tunayo, huu ni mkoa wa nyuki. Nunua bonge kwa mfugaji, liyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto, chuja kwa kitambaa, mimina kwenye kifuniko cha chupa ili upate kidonge. Usiliweke kopo moja kwa moja juu ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 mpaka 64 hivi, haihitaji zaidi, na ikizidi kupata moto inawaka.

Kukata na kugundisha

Laza kisu juu ya boksi, mgongo wake ukigusa mstari wa kukunja, chora kukizunguka. Upande wa makali acha sentimita moja na nusu. Kunja boksi, jaribu kisu kinaingia na kutoka. Ukiridhika, hamishia umbo hilo kwenye ngozi kwa kalamu butu na ukate kwa bledi mpya, kwa mikato miwili au mitatu ya polepole, mkono wa pili ukiwa nyuma ya rula muda wote.

Kata pia ukanda mwembamba wa ngozi hiyohiyo, upana sentimita moja, ufuate umbo la upande wa makali. Huu utakaa katikati ya kuta mbili za ala. Usiuache hata kama kisu chako ni kidogo: bila ukanda huo makali yanakaa juu ya uzi, na kila ukichomeka kisu unakata mshono wako mwenyewe.

Kitanzi cha mkanda kishone sasa, kabla ala haijafungwa, maana baadaye sindano haitafika ndani.

Gundi ipake nje, penye hewa. Kwaruza kwa msasa uso laini utakaogusana na gundi, paka pande zote mbili, subiri kama dakika 10 mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo ukandamize na kugonga kwa nyundo. Gundi kazi yake ni kushikilia tu wakati unashona.

Mshono wa sindano mbili

Hapa ndipo naomba utulie.

Anza na urefu wa uzi. Utaambiwa ukate mara nne ya urefu wa mshono. Kwa pochi ni kweli, kwa ala utaishiwa njiani, na hesabu yake ni hii. Kila pigo, yaani kutoka tundu moja hadi lijalo, kila sindano hutembea milimita 4 juu ya ngozi na kupenya unene wote. Tabaka tatu za milimita 3 ni 9, jumla 13. Sindano ni mbili, kwa hiyo 26 kwa kila milimita 4 za mshono: mara sita na nusu. Mshono wa sentimita 15 unataka karibu mita moja, na uongeze sentimita 40 za kushikia mkononi. Kwa pochi ya tabaka mbili zenye milimita moja na nusu kila moja, piga hesabu hiyohiyo uone kwa nini wanasema nne.

Vuta uzi juu ya kidonge cha nta mara kadhaa mpaka uwe unanata. Tia sindano moja kila ncha ya uzi. Ili isichomoke, toboa uzi wenyewe kwa sindano mara mbili karibu na ncha yake, kisha vuta ile mikunjo irudi nyuma kupita tundu la sindano.

Toboa matundu kwa msharasi ukiwa wima kabisa, kipande cha ndala chakavu kikiwa nyuma ili kupokea ncha. Ukiinamisha msharasi, upande wa mbele mstari utanyooka na wa nyuma utayumba. Kwa hiyo baada ya kila tundu geuza utazame.

Sasa shona. Pitisha uzi tundu la tatu, sawazisha urefu pande zote, rudi nyuma mpaka la kwanza, kisha songa mbele. Mwanzo utakuwa na nyuzi maradufu. Kila tundu ingiza kwanza sindano ya kushoto, ivute. Uzi wake uvutie kwako kidogo ili upate nafasi, ndipo uingize ya kulia kwenye tundu lilelile, upande ulioachwa wazi. Angalia usiuchome uzi wa kwanza, maana ukiuchoma hautakaza. Kaza mikono yote miwili kwa nguvu sawa, ukitazama uzi unavyozama. Utaratibu huo usiubadilishe hata mara moja. Ukianza na kushoto tundu hili na kulia tundu lijalo, pigo moja litalala huku na lingine kule.

Mwisho rudi nyuma matundu mawili. Uzi wa nailoni kata uache kidogo, uyeyushe kwa kiberiti, ubonyeze.

Wapo wanaoniambia cherehani ingemaliza kwa dakika tano. Cherehani hufunga uzi wa juu na wa chini kwa kunasana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mshono huanza kufumuka. Wetu una nyuzi mbili zinazopita kila tundu kikamilifu, kila moja kwa njia yake. Mmoja ukikatika, mwingine bado umeshika. Kwa kitu kinachobeba makali sitaki mshono mwingine.

Kuumba na kumalizia

Viringisha kisu kwa nailoni ya kufungia chakula. Lowesha ala kwenye maji ya vuguvugu mpaka viputo vipungue, chomeka kisu, kandamiza kwa vidole na kijiko cha mbao mpaka umbo la mpini lionekane nje. Kausha kivulini, siku mbili. Mwezi wa tisa na wa kumi jua la Tabora ni kali na hewa ni kavu. Ngozi iliyoanikwa juani hujikunja na kupasuka.

Kingo piga msasa 220, halafu 400, zipanguse kwa maji kidogo, sugua kwa kipande laini cha mninga mpaka zing'ae, kisha nta, kisha usugue tena kwa kipande cha jinzi. Uso wa ala upake mchanganyiko wa fungu moja la nta na mawili ya mafuta ya nyonyo, kidogo sana, ukiwa bado na joto. Mafuta ya kupikia usitumie, yanachacha na harufu haitoki.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, ofisi ya mkoa ya SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ni mahali pazuri pa kuulizia mafunzo, na Kampasi ya Mwanza ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ndiyo inayofundisha teknolojia ya ngozi. Ila usimpite fundi viatu wa mtaani kwako. Mpelekee mshono wako, mwachie aubonyeze na kuuvuta, na ukiwa na mkono mzuri mwombe mabaki ya ngozi. Vipande anavyovitupa ndivyo vya kujifunzia.

Masika yakianza, kisu kihifadhi nje ya ala, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na chuma kitapata kutu humo ndani. Ala itundike penye hewa, isiwekwe kwenye mfuko wa nailoni. Ukungu mweupe ukitokea, ufute kwa kitambaa chenye siki kidogo, ianike kivulini ikauke kabisa, kisha ipake nta upya.