Kabla hujaitoa pamu sebuleni ukaipeleka nje, zingatia haya

Naandika zaidi kwa watu wa huku kwetu, Mtwara mjini, Mikindani mpaka Lindi, maana naona wengi wanatoa pamu sebuleni na siku hiyohiyo wanaiweka getini juani, wiki haijaisha wanauliza mbona majani yamekuwa meupe. Mi ilinitokea hapa Ligula. Areka yangu, ambayo ni aina ya pamu, ilikaa ndani miaka mitatu imenawiri hasa, nikaitoa mwezi wa 11 nikaiweka mbele ya nyumba, siku ya tatu majani ya upande wa jua yamepauka, ukiyashika yanalia kama karatasi ya kaki. Iliniuma sana.

Elewa kwanza kwamba jani lililoota ndani limezoea mwanga mdogo, ni laini, na likishaungua halirudi kijani hata umwagie nini. Watu wanasema itazoea tu, lakini kinacholimudu jua vizuri ni jani jipya, lile linalochomoza katikati limejikunja kama mkuki, likifungukia huko nje ndo linakuwa gumu. Ya zamani wewe unayalinda tu mpaka mapya yaje.

Kwaiyo kabla ya kuibeba tafuta kivuli. Chini ya mwembe ni bora kuliko kibanda cha bati, bati linapitisha joto mpaka chini. Alafu kiangalie kivuli cha mwaka mzima, sio cha siku ile unayohamisha, maana huku kwetu mwezi wa 6 jua linapita upande wa kaskazini na ukuta wa kusini wa nyumba unakuwa na kivuli mchana, ukifika mwezi wa 12 jua limeshahamia kusini na palepale panawaka, na katikati hapo, mwezi wa 10 na tena wa 2, linapita utosini kabisa. Mtu anashangaa pamu imeungua na hajaisogeza, kumbe jua ndo limesogea.

Upepo nao usiusahau. Kusi ikianza kuvuma inachana majani na kukausha ncha, na ukiwa karibu na bahari kama Shangani inakuja na chumvi, kwaiyo iweke nyuma ya nyumba au nyuma ya ukuta, na siku za upepo mkali mwagia majani maji yasiyo na chumvi jioni kuosha ile chumvi. Maji ya kisima kama yana chumvi usiyategemee peke yake, maji ya mvua uliyoyakinga yanaufaa sana mmea huu. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, ndo chumvi hiyo.

Jua liongeze taratibu. Wiki ya kwanza kivuli kutwa, wiki ya pili jua la asubuhi mpaka saa mbili, ya tatu mpaka saa tatu, usiwe na pupa. Na sio kila pamu inataka kufika huko. Areka asili yake Madagaska na inaweza kulizoea jua, ile mitende midogo ya mapambo yenye miiba chini ya majani inalipenda kabisa, ila kamedorea, ile fupi ya mezani, kwao Meksiko na Guatemala inaota chini ya miti mikubwa ya msitu, hiyo iache kivulini maisha yake yote, na rapisi, ile pamu yenye mashina membamba kama mianzi, vilevile.

Siku ya kuhamisha funga majani pamoja na kanga kuukuu, usikaze, mbebe wawili kwa kushika chungu, msivute shina. Fanyeni jioni. Hakikisha tundu la chini halijaziba, alafu kiinue chungu juu ya matofali mawili, maji yapite na mchwa wasipate njia rahisi. Kama ni ndoo nyeusi ya plastiki ifiche isipigwe na jua, mizizi inachemka humo ndani. Nje udongo unakauka haraka kuliko sebuleni, ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, pakiwa pakavu mwagia mpaka maji yatoke chini.

Usibadilishe chungu wiki hiyohiyo wala usikate majani mabichi, hata lile la chini linaloanza umanjano liache likauke lenyewe maana mmea unavuta chakula chake kutoka humo. Na kile kilele katikati kisiguswe kabisa, pamu ni ndugu wa mnazi, kilele kikifa shina hilo limekufa. Kila siku mbili tatu geuza jani uangalie chini yake kama kuna utando mwembamba au vidudu vyeupe kama pamba, futa na kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo.

Mbolea iache kwanza. Jani jipya likifunguka lote na ncha zake ziko kijani, hapo sasa weka kiganja kimoja cha samadi iliyooza vizuri, mbali kidogo na shina.