Tamale za maharage za Meksiko, kuanzia kwenye chokaa mpaka kwenye mvuke

Kabla ya yote, tamale (kinyunya cha mahindi kinachojazwa kitu ndani, kikafungwa kwenye ganda na kupikwa kwa mvuke) haipikwi kwa unga wa ugali. Hata sembe iwe nzuri namna gani na uimiminie mafuta kiasi gani, ikitoka kwenye mvuke inamomonyoka tu haishikani. Unga wa tamale unatoka kwenye mahindi yaliyochemshwa na chokaa kwanza, na wenyeji wa Meksiko walikuwa wanafanya hivyo karne nyingi kabla Wahispania hawajafika mwaka 1519. Chokaa inalegeza lile ganda la punje, inafanya unga ushikane, alafu inafungua niasini, ile vitamini B3, ambayo kwenye mahindi ya kawaida ipo ila mwili hauipati vizuri. Mahindi yalipovuka bahari watu wakayabeba bila kubeba chokaa, ndo maana pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ikawatesa sana maskini wa Italia waliokuwa wanashindia mahindi, na baadae watu wa kusini mwa Marekani. Kwahiyo hii hatua naomba usiiruke.

Ukiwa Marekani au Ulaya kuna njia fupi, nunua unga ulioshapitishwa kwenye chokaa, unaitwa masa harina, ule wa chapa ya Maseca unapatikana sehemu nyingi, na ukikuta pakiti iliyoandikwa ya tamale chukua hiyo kwasababu ina chenga chenga kuliko ya tortilla, zile chapati zao za mahindi. Gramu 500 ukikanda na maji ya vuguvugu inatosha kwa kazi ya leo.

Usipoupata, anza na mahindi meupe makavu kilo 1, maji lita 3 na chokaa ya chakula gramu 10 hivi, jamii ya ile wanayopaka kwenye tambuu watu wa pwani, sio ya kupaka ukuta jamani. Sufuria isiwe ya alumini, chokaa inaila, tumia ya stili au ya enameli. Koroga chokaa kwenye maji (angalia isikurukie machoni), tia mahindi, chemsha moto mdogo nusu saa mpaka dakika 45, maji yatageuka manjano na punje ukiisugua kwa vidole ganda linateleza. Zima, funika, yalale humo usiku mzima. Asubuhi osha kwa maji mengi huku unasugua maganda yatoke, kisha saga kwa mashine ya mkono ya kusagia nafaka mbichi, au blenda kidogo kidogo na maji machache sana. Utapata karibu kilo 2 za kinyunya, tumia kilo 1, nyingine weka friza.

Maharage ndo penye utamu. Chukua robo kilo ya maharage meusi, chemsha na kitunguu na vitunguu saumu mpaka yaive kabisaa, supu yake usimwage. Kule Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko, wanayatia majani ya mparachichi yaliyopashwa kwenye kikaango kikavu na kusagwa, yana harufu karibu na bizari tamu. Ila sio kila mparachichi, ni ile jamii ya kienyeji ya Meksiko ambayo jani ukilifikicha linanukia, kama la kwenu halinukii liache, majani ya jamii nyingine yanaweza kuwa na sumu. Weka bizari ya pilau kidogo badala yake, haitafanana ila ni tamu. Kaanga kitunguu na pilipili kavu ya kusaga, mimina maharage, ponda huku unakaanga mpaka ukipitisha mwiko unaona chini ya kikaango na rojo hairudi haraka. Yakiwa majimaji tamale inapasuka, kwahiyo kausha, kausha, usione uvivu.

Sasa mafuta. Wengi Meksiko wanatumia ya nguruwe, lakini nguruwe waliletwa na Wahispania na tamale zilikuwepo tayari, kwahiyo asiyekula nguruwe asijione anapika kitu cha bandia, mafuta ya mboga yale ya kuganda hata wao wenyewe wanayatumia. Piga gramu 250 kwa mashine ya keki mpaka yawe meupe mepesi, ongeza kinyunya kidogo kidogo, chumvi vijiko 2 vya chai, beking pauda kijiko 1 cha chai, na ile supu ya maharage mpaka kiwe laini cha kupakika. Endelea kupiga tu, alafu dondosha kadonge kwenye glasi ya maji baridi, kakielea umemaliza, kakizama piga tena.

Maganda makavu ya mahindi, yale yanayofunika hindi zima sio ya punje, yaloweke kwenye maji ya moto saa nzima. Ukikosa, tumia majani ya mgomba uliyoyababua kwenye moto, sehemu za kusini kama Yucatán wanatumia hayo miaka yote. Paka kinyunya upande laini wa ganda, katikati kijiko kimoja kilichojaa cha maharage, kunja pande mbili zikutane kinyunya kifunike maharage, kisha kunja mkia.

Zisimamishe kwenye sufuria ya mvuke mdomo ukiwa juu, maji yasiziguse, funika na maganda yaliyobaki na kitambaa kisha mfuniko. Kuna mtindo wa kule naupenda sana, unaweka sarafu safi chini kwenye maji, inagonga gonga muda wote, ikinyamaza ujue maji yanaisha, ongeza ya moto. Zipike kwa muda wa saa 1 mpaka saa 1 na robo. Fungua moja, ganda likibanduka bila kung'ang'ania zimeiva, ila epua ziache dakika 15 zijishike.

Kula na salsa ya nyanya na pilipili, pembeni atole, uji wao wa mahindi. Tarehe 2 Februari, sikukuu ya Candelaria, aliyekuta kale kasanamu ka mtoto Yesu kanakofichwa ndani ya mkate wa sikukuu ya tarehe 6 Januari ndo analeta tamale za wote. Utapata kama 20 hivi, na zilizobaki usizipashe maikrowevu, ziweke na ganda lake kwenye kikaango kikavu mpaka ganda liungue ungue, ndani zinashika ukoko mtamu kuliko hata za jana.