Jirani akiugua ugonjwa wa kuambukiza: tunavyomhudumia huku mlimani Igogo, Mwanza

Kikundi cha kufa na kuzikana mnacho tayari, anzieni hapo. Msiunde kamati mpya, maana itamaliza wiki nzima ikigombea uenyekiti. Mimi ni mhazini wa kikundi chetu, na mwaka 2020, Uviko ilipoingia nchini, daftari lile lile la michango ya misiba ndilo lililotuonyesha nani anaishi peke yake, bibi gani analea wajukuu, na nani apigiwe simu usiku.

Nyumba ikipata mgonjwa, teueni mhudumu mmoja. Awe kijana mwenye afya, asiyeishi na mzee wala mwenye kisukari, na avae barakoa. Kazi yake kubwa ni maji. Bodaboda huku inaishia chini. Juu ni mawe matupu, na dumu la lita 20 linapanda kichwani. Penye mgonjwa maji huisha haraka: kufua mashuka, kunawa, kupika uji. Kwa hiyo msikadirie kwa mazoea.

Dumu aliweke juu ya jiwe nje ya mlango, arudi nyuma hatua kadhaa, kisha aite, "Mwangaluka!" Asiondoke kabla hajajibiwa. Salamu ndiyo kipimo chetu. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi bila kutweta, midomo ikigeuka rangi ya bluu, au akianza kuchanganya maneno, hapo hapo tafuteni vijana wanne wa kumshusha barabarani aende hospitali. Msingoje kupambazuke.

Chakula ni rahisi kwa Wasukuma wanaokumbuka akiba: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na dagaa wakavu hukaa bila friji. (Dagaa nawauza mwenyewe soko la Mwaloni, kwa hiyo nisikilizeni kwa tahadhari.) Mhudumu amimine chakula kwenye bakuli la mgonjwa pale jiweni, vyombo visizunguke mtaani.

Nyungu sikatazi. Mvuke hufungua pua na mtu hujisikia nafuu, lakini hauui kirusi. Kinachoniudhi ni watu watatu kujifunika blanketi moja, wakipumuliana, na mtoto katikati karibu na sufuria ya moto.

Ugonjwa ukiwa kipindupindu, wahini maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo njiani kwenda kituo cha afya.

Msiba ndio mgumu, kwa kuwa sisi tumezoea kulala matangani. Rambirambi zitumwe kwa simu, mhazini aandike majina na kuyasoma kwa wafiwa kwa sauti. Wanataka kujua nani kawakumbuka. Wachimba kaburi wawe wachache. Kina mama waende wawili wawili, wakae uani, wengine wakiondoka ndipo wafuatao wapande. Jioni mmoja abaki karibu na simu, kwa sababu mjane huanza kulia watu wakishatawanyika.